Usifagie usiku! Kwa nini miiko haihami nyumbani

Nenda dukani saa mbili usiku uulize sindano ya kushonea, uone muuza duka atakavyokutazama. Anazo, zimo kwenye kopo nyuma ya viberiti, lakini atakwambia zimekwisha, njoo kesho. Chumvi nayo, kwa baadhi ya wazee, haitajwi kwa jina lake giza likishaingia. Mtu huomba "dawa ya mboga" na mwenye duka akamwelewa. Muuza duka huyohuyo ni wakala wa pesa za simu, amemaliza kidato cha nne, na ukimuuliza kama anaamini mambo hayo atacheka. Sindano hatauza.

Kwa hiyo swali la kama watu wanaamini miiko halijibiwi kwa mdomo. Mama anayewaambia wanawe kwamba hayo ni ya kizamani ndiye anayemnyang'anya binti ufagio jioni: "Acha, utafagia riziki!" Baba aliyejikwaa mguu wa kushoto akienda kwenye usaili wa kazi hasemi kitu, lakini njia nzima moyo haujatulia. Kiganja kikiwasha, hata mhasibu hutabasamu.

Mingi ya miiko hii ukiitazama vizuri ni kanuni za nyumba zilizopewa sauti ya kutisha. Ukifagia kwa mwanga wa koroboi, shilingi iliyodondoka au hereni ya mtoto inakwenda jalalani na taka. Ukikata kucha gizani kwa wembe, kesho utatembea na kidole kilichofungwa kitambaa. Anayepiga mluzi usiku, eti anaita nyoka, anawaamsha waliolala. Bibi aliyekuwa na wajukuu wanane jikoni hakuwa na nafasi ya kueleza sababu moja baada ya nyingine. Kutisha kulikuwa kwa haraka zaidi, na mtoto alitii.

Mingine haina utetezi huo. Mjamzito asile mayai, huambiwa, mtoto atazaliwa hana nywele. Hapo ni vigumu kuona aliyefaidika, labda yule aliyebaki na mayai. Katika nyumba ambayo nyama huonekana sikukuu, yai ndicho chakula cha kujenga mwili kilicho karibu kabisa na mama huyo, na kuku wake wapo uani.

Halafu yupo bundi. Huyu hana mpinzani. Bundi aliwahi kuonekana ndani ya ukumbi wa Bunge jijini Dodoma, na minong'ono ikaanza miongoni mwa wabunge. Aliyekuwa Spika, Job Ndugai, aliwatuliza kwa kusema kwamba kwa mila za Dodoma, bundi anayeonekana mchana hana neno. Jibu hilo linafundisha kuliko linavyoonekana. Hakuna aliyeambiwa kwamba bundi ni ndege tu. Waliambiwa kwamba huyu, kwa saa hii, hahusiki.

Bundi hufuata panya, na panya hufuata mahindi yaliyohifadhiwa na makombo yaliyoachwa jikoni. Ndiyo maana hutua juu ya nyumba za watu. Tena nyumba yenye mgonjwa mahututi hailali. Watu wako macho usiku kucha, wamekaa kimya, wakisikiliza kila sauti. Bundi akilia juu ya bati la jirani aliyelala fofofo, hakuna aliyemsikia. Akilia pale penye mgonjwa, na mgonjwa akafariki baada ya siku tatu, habari hiyo itasimuliwa msibani na kwa miaka ishirini baadaye. Usiku wote aliolia bila mtu kufa haumo kwenye hesabu.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mtafiti wa tamaduni mwenye asili ya Poland, Bronisław Malinowski, aliishi na wavuvi wa Visiwa vya Trobriand, vilivyo sehemu ya Papua New Guinea ya leo. Aliona kwamba walipovua kwenye maji tulivu ya ndani, ambako samaki walipatikana kwa uhakika, hawakuhangaika na uganga. Walipokwenda bahari kuu, kwenye hatari na bahati nasibu, kila hatua ilikuwa na uganga wake. Walikuwa watu walewale, na akili zao zilikuwa zilezile.

Sasa rudi nyumbani uangalie miiko imejazana wapi. Si kwenye kuosha vyombo wala kufua. Imejazana kwenye ujauzito, uzazi, mtoto mchanga, safari, biashara na usiku. Uzi mweusi mkononi, doa la wanja kwenye paji la uso ili jicho la hasidi lisimkute, mgeni asiyeruhusiwa kumsifia mtoto mpaka aseme "Mashallah". Mzazi wa mtoto wa wiki mbili yuko bahari kuu. Kumcheka hakumsaidii kitu.

Lakini kuna mahali ambapo uzi mweusi hautoshi, na mahali penyewe ni degedege.

Katika Kiswahili ndege ni yule mwenye mabawa, na pia ni bishara, ndiyo maana hutajwa ndege njema na ndege mbaya. Dege ni ndege mkubwa. Kwa wengi wa Pwani na kwingineko Tanzania, mtoto anayekakamaa, macho yakageuka na mwili ukatetemeka, ameingiliwa na dege, kitu cha kishetani kinachoruka. Amefukizwa moshi wa kinyesi cha tembo, amemwagiwa mkojo, na ndugu wamekatazwa kumpeleka hospitali kwa sababu "akichomwa sindano atakufa".

Katazo hilo lina nguvu kwa sababu linaonekana kuthibitishwa. Mtoto mwenye homa kali mara nyingi hutikisika dakika chache, kisha mtikisiko huacha wenyewe. Aliyekuwa ameshika moshi wakati huo ndiye anayepewa sifa. Kama homa ilitokana na malaria, vimelea vimebaki kwenye damu na mtoto anazidi kudhoofika. Siku ya pili au ya tatu, hali imekuwa mbaya kabisa, ndipo anakimbizwa hospitali. Anachomwa sindano, na kwa kuwa amechelewa mno, anafariki. Wanaorudi nyumbani na maiti wanakumbuka kitu kimoja: sindano. Siku mbili za moshi hazitajwi, na jirani mwenye mtoto mwenye homa amesikia.

Mtoto akishikwa na degedege, mlaze ubavu, legeza nguo zake, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, usimkandamize asitikisike. Tazama saa. Kisha mpeleke kituo cha afya hata kama ameshatulia, akapimwe malaria na chanzo kingine cha homa. Ikipita dakika tano hajatulia, usingoje. Bibi akitaka kusoma dua, asome njiani, kwenye bodaboda au kwenye bajaji. Dua haijawahi kuhitaji mtoto abaki nyumbani.

Ugomvi na bibi usiku huo haufai. Mama mkwe anayezuia safari ya hospitali amewahi kuona mtoto akifa baada ya sindano, au amesimuliwa na aliyeona, na hofu yake ni ya kweli hata kama sababu aliyoishika siyo. Mazungumzo naye yanafanyika mapema, mtoto akiwa mzima, chai ikiwa mezani, na baba wa mtoto awepo. Aulizwe nani walifariki, na walikuwa wameugua siku ngapi kabla ya kupelekwa. Hesabu hiyo ataifanya mwenyewe.

Siku ya kliniki, watoto wengi hufika na uzi wao mweusi mkononi au kiunoni. Muuguzi mzoefu hauulizi wala haukati. Anamweka mtoto kwenye mizani, anachoma chanjo, anaandika tarehe ya kurudi kwenye kadi, na anamwita anayefuata.