Kosa Langu Porini

Nawaungamia neno hili ili nanyi mjihadhari.

Nalikwenda kuwinda pongo dume. Leseni nalikuwa nayo, na msimu ulikuwa umefunguliwa. Kosa langu lilikuwa haraka. Jua likichwa nikaona mnyama kichakani, kichwa kimefichwa na majani. Nikasema moyoni, "Ni dume," nikapiga. Nilipofika naliona hana pembe, na kiwele chake kimejaa maziwa.

Basi jifunzeni. Pongo dume ana pembe zilizosokotwa kidogo, na rangi yake huelekea weusi; jike hana pembe, naye ni mwekundu. Tena mama humficha mtoto wake kichakani. Ukimwona peke yake, usidhani hana mtoto. Mnyama usiyemwona kichwa, usimpige.

Sheria ya Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 yataka leseni, tena huwalinda majike wenye mimba na wenye watoto. Hata Torati, katika Kumbukumbu 22, yakataza kumtwaa ndege pamoja na makinda yake.

Asubuhi nalikwenda kwa bwana nyama, nikaeleza yote, nikalipa faini. Yule mtoto twalimtafuta siku mbili, hatukumpata. Mungu anisamehe, atufundishe sote kungoja.