Bonde la Wote



Wazazi wetu, walimu wetu na wanafunzi wenzetu, mwaka huu tumetakiwa tuandike juu ya jambo lililotushughulisha nje ya darasa. Sisi tumechagua bonde. Kila anayesoma hapa analijua, kwani ndiko tunakokwenda kuteka maji ya udhu matangi ya msikiti yanapokauka, na ndiko mbuzi wa nyumba nyingi wanakoshinda. Halina hati ya mtu. Wazee husema ni la wote, na kwa miaka mingi neno hilo lilitosha.

Baadaye halikutosha. Watu walianza kulima kutoka pembeni, tuta moja msimu huu, matuta matatu msimu unaofuata, mpaka maharage yakafika kwenye mafunjo. Kisha mafunjo nayo yakakatwa. Mvua za masika zilipokuja, chemchemi ilitoa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na mama zetu wakawa wanayaacha usiku kucha yatulie kabla ya kuyachemsha.

Tueleze kidogo jinsi nchi yetu ilivyokaa, kwa faida ya wadogo zetu. Karagwe na Kyerwa ni vilima na mabonde. (Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe mpaka ilipokuwa wilaya mwaka 2012, na baadhi ya wazee bado huita kote Karagwe.) Nyumba, migomba na kahawa viko mitelemkoni, majani ya malisho yako chini na juu ya vilima, na mafunjo yako kwenye maji. Maji yetu huishia katika mto Kagera. Mto huo hukusanya Ruvubu inayotoka Burundi na Nyabarongo inayotoka Rwanda, ukapita maporomoko ya Rusumo, ukafuata mpaka wetu na Rwanda, kisha ukageuka mashariki kwenye mpaka wa Uganda hadi Ziwa Victoria. Hakuna mto mwingine unaoingiza maji mengi kuuzidi katika ziwa hilo. Na kutoka ziwani maji huenda Nile. Kwa hiyo tope la bonde letu lina safari ndefu, na anayelima mpaka ukingoni anampelekea jirani zawadi asiyoiomba. Mafunjo ndiyo yaliyokuwa yakilizuia tope hilo, maana maji hupita kwenye mizizi yake polepole na udongo hubaki.

Vilima vyetu vimewahi kupata mtihani mkubwa zaidi ya jembe. Mwaka 1994 ndugu zetu wa Rwanda walivuka kwa maelfu kwa maelfu, na kambi zikawekwa huku kwetu, zikiwemo Chabalisa na Kagenyi. Walikaa mpaka Desemba 1996. Miti mingi iliisha kwa kuni na kujengea. Hatuwalaumu hata kidogo. Mtu aliyekimbia kuuawa haulizwi kuni amezitoa wapi. Lakini mlima uliobaki uchi haujui sababu, na mvua zake hushuka vilevile.

Juhudi za kurudisha miti zilikuja kwa njia mbalimbali. Shirika la Vi Agroforestry lenye asili ya Sweden lilileta mpango unaoitwa Emiti Nibwo Bulora, yaani miti ndiyo uhai. Wakulima wadogo wa Karagwe na Kyerwa walipanda miti mipakani mwa mashamba, katikati ya mazao au katika viwanja vya miti peke yake, nao wakalipwa kidogo kidogo kwa kadiri miti ilivyokaguliwa ikaonekana hai, kwa sababu mti hufyonza hewa ya ukaa. Kuanzia mwaka 2010 ulikuwepo pia mradi wa FAO wa bonde la Kagera katika nchi nne: Burundi, Rwanda, Uganda na Tanzania. Huo ulitumia mashamba darasa, ambapo wakulima hujifunza wao kwa wao makinga maji na matandazo. Na mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika yalifanywa kuwa hifadhi za taifa, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe.

Yote hayo ni mema. Hata hivyo tuliona kwamba mradi wa miti hukaa shambani mwa mtu, na hifadhi ina mpaka wake na askari wake. Bonde la kijiji liko katikati ya hayo mawili, na halina wa kulisemea isipokuwa wanakijiji wenyewe.

Sheria ipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja, lakini lazima mkutano mkuu wa kijiji ukubali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Ilibaki kuitisha mkutano, na hilo lilikuwa gumu kuliko tulivyodhani. Ijumaa ilitushinda sisi, Jumamosi iliwashinda Wasabato, Jumapili makanisa mengine. Tukakutana Jumatatu.

Wengi walitaka bonde lote lifungwe. Ndipo akasimama kijana mmoja akasema, "Wazee wangu, shikamooni. Ninyi mna vibanja mlivyorithi. Sisi tuliozaliwa mwisho, bonde hili ndilo shamba lililobaki. Mkilifunga, mnatufungia sisi." Watu walinyamaza, kwani alisema kweli. Mashamba ya baba zetu yamegawanywa mpaka mengine hayatoshi hata mikungu ya nyumba moja.

Ustadh wetu aliomba nafasi akaeleza habari ya hima, yaani malisho yaliyotengwa kwa ajili ya wote. Mtume (s.a.w.) aliitenga Naqi' karibu na Madina, na Khalifa Umar (r.a.) akaitenga Rabadha. Umar alimwagiza msimamizi wake awaruhusu wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na asiwaachie mifugo ya Abdulrahman bin Awf na Uthman bin Affan, kwa kuwa hao mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurudia, lakini maskini angekuja na watoto wake wakilia. Jirani zetu Wakristo waliisikiliza habari hiyo kwa makini, na wenye ng'ombe wengi wakaanza kutazama chini. Sisi kwa maoni yetu hapo ndipo mkutano ulipogeuka. Swali halikuwa tena kufunga au kufungua. Likawa: anayekosa ni nani?

Makubaliano yakawa haya. Mita 60 kutoka kwenye maji hazilimwi, mafunjo yanaachwa yarudi, na mahali pa kunyweshea ni pamoja tu. Juu ya hapo ni malisho, na kila kaya ina idadi ya wanyama isiyozidishwa. Mikaratusi haipandwi karibu na chemchemi kwa sababu hunywa maji mno. Inapandwa misizi, na wanafunzi wa madrasa ndio tunaotunza kitalu chake nyuma ya msikiti, zamu kwa zamu baada ya alasiri. Mpaka umewekwa kwa milamula, mmea ambao huku kwetu kila mtu anajua maana yake anapoukuta mpakani.

Kipande cha juu, karibu na barabara, ambacho kijana yule alikiomba kwa ajili yake na wenzake, hakijaamuliwa. Wengine wanataka wapewe kwa msimu na si kwa kudumu, wengine hawataki kabisa. Mwenyekiti amesema litazungumzwa baada ya mavuno ya kahawa, na vijana wameshaandika majina yao.