Kutembea Nuruni

Katika mikutano ya ushirika ya ndugu waliookoka, hususan kule Murang'a na Kiambu, kuna swali ambalo limewafadhaisha watu wazima kuliko mahubiri yoyote. Mtu husimama, akataja mwaka aliookoka, akasimulia jinsi alivyoacha pombe na kumrudia mkewe, akamshukuru Mungu. Kabla hajaketi, mzee mmoja humwuliza kwa upole: "Na wiki hii je, ndugu?"

Swali hilo lina historia. Mwaka wa 1929, katika kilima cha Namirembe jijini Kampala, daktari Mwingereza Joe Church alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi, wakaketi pamoja kusoma Biblia na kuomba. Kutokana na urafiki huo, na kutokana na yaliyotokea baadaye katika hospitali ya misheni ya Gahini nchini Rwanda, ulienea uamsho ambao ulifika Kenya kabla ya miaka ya 1930 kumalizika. Waganda waliwaita wafuasi wake Balokole. Wagikuyu wakawaita ahonoki. Yote mawili maana yake ni waliookoka.

Lakini kuokoka, kwa ndugu hawa, hakukuwa tukio la siku moja. Walisisitiza kile walichokiita kutembea nuruni, yaani mja asilaze jambo lolote baina yake na Mungu, wala baina yake na jirani. Hapo ndipo penye uzito. Ni rahisi kumwambia Mungu gizani kwamba umekosa, kwa kuwa Mungu hapigi kelele. Ni vigumu kubisha mlangoni pa mtu uliyemsengenya. Ndugu walirudisha vitu walivyoiba makazini, wakalipa madeni yaliyokwisha kusahauliwa na wadai wenyewe, na waume wakawaomba wake zao msamaha mbele ya watu, jambo ambalo wengi waliliona kuwa kioja.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi atautambua ushuhuda kuwa utanzu kamili. Una fomula yake ya kufungulia, una mhusika aliyepotea, una kilele na wimbo wa kupokelea. Na kama ilivyo kwa kila utanzu, msimulizi akizoea sana, masimulizi hulainika. Machozi huja pale pale yalipokuja mwaka jana. Yamkini wazee walilifahamu hilo bila kusoma nadharia yoyote, wakaona kwamba dawa yake ni kudai habari mpya. Hata salamu ya "Bwana asifiwe", iliyovuma pamoja na uamsho huo, leo hutumiwa na wanasiasa kunyamazishia umati. Haifai pia kuwapamba ndugu kupita kiasi: wako waliofikia kupima wokovu kwa urefu wa rinda, na maungamo ya hadharani yamewahi kuvunja nyumba.

Hata hivyo, zoezi hilo dogo la kila siku lilipimwa pakubwa. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, ndugu wengi katika Mkoa wa Kati walikataa kula kiapo cha Mau Mau, wakisema kwamba waliokwisha kuinywa damu ya Yesu hawawezi kunywa nyingine. Wengi wao walikataa pia kubeba bunduki za serikali. Kwa hiyo walishukiwa na pande zote mbili, na baadhi yao waliuawa. Watu waliozoea kusema ukweli kuhusu kibaba cha sukari hawakuwa na uongo wa kujifichia ulipofika usiku wa kuulizwa.

Wakati wa amani, mambo huwa madogo zaidi. Mama mmoja mzee wa ushirika huo, mkulima wa majani chai, alifika nyumbani jioni moja akagundua kwamba stakabadhi yake ilionyesha kilo 17 ilhali alikuwa amepeleka 12. Alipopiga magoti kama kawaida yake, maneno hayakuja. Alijaribu kuwaombea wajukuu, akawataja mmoja mmoja, lakini kila jina lilimrudisha kwenye kile kikaratasi. Alfajiri alikichukua, akatembea hadi kituo cha kupimia majani.

"Mama, vitabu vya jana vimeshafungwa," karani akamwambia.

"Vyako vimefungwa, mwanangu. Changu bado."

Wakulima waliokuwa foleni walicheka. Mmoja akamshauri amshukuru Mungu kwa baraka hiyo na aende zake. Hakuondoka. Hatimaye karani alilazimika kuandika barua kwa wakubwa wake kueleza zile kilo 5 zilizozidi, na kwa muda wa wiki mbili hakuitikia salamu ya mama yule.