Kushuka Mlima Kitonga

Ndugu msomaji, kama umewahi kusafiri kutoka Iringa kwenda Morogoro, basi Mlima Kitonga unaujua. Kama hujawahi, panda nami basi. Nauli usijali. Leo tunasafiri kwa kusoma.

Mwaka 1984 nilipita njia hiyo. Basi letu lilikuwa kuukuu. Mlango wake ulifungwa kwa kamba. Dirisha la upande wangu halikuwa na kioo. Lakini mbele, juu ya kioo cha dereva, yaliandikwa maneno haya kwa rangi nyekundu: HARAKA HAINA BARAKA. Niliyasoma nikafurahi. Nikasema moyoni, "Dereva huyu ana busara." Kumbe dereva mwenyewe hakuwa ameyasoma!

Tulisimama Ilula. Ilula ni mahali pa nyanya. Utingo alipakia matenga juu ya keria mpaka basi likawa kama nyumba ya ghorofa. Bibi mmoja akaingia, amempakata jogoo. "Kamwene!" alitusalimu kwa Kihehe. Tukamwitikia. Konda akataka jogoo alipiwe kama mzigo. Bibi akajibu, "Mtoto wa kupakatwa halipi nauli. Huyu nimempakata." Basi zima likacheka. Jogoo akasafiri bure.

Mbele ya Ilula nchi ya juu inafika mwisho. Hapo ndipo Kitonga. Barabara inateremka kwa kona nyingi kuelekea bonde la Mto Ruaha Mkuu. Upande mmoja ni mlima, upande wa pili ni korongo. Malori yanayopanda huenda polepole, yakilia kama ng'ombe aliyechoka. Lakini hatari kubwa iko kwa yanayoshuka.

Ghafla ngurumo ya injini ikapungua. Basi likaanza kukimbia. Jirani yangu alikuwa fundi wa magari. Akaninong'oneza, "Ametoa gia ili aokoe dizeli."

Kona ya kwanza tukalaliana. Kona ya pili tenga moja likaanguka. Harufu ya kuungua ikaingia ndani. Sisi wanaume tulitazamana tu. Kila mmoja alimngoja mwenzake aseme.

Ndipo yule bibi akasimama. "Dereva, mwanangu! Mzigo uko juu. Humu ndani tumo watu. Rudisha gia!"

Abiria wote tukapata sauti. "Rudisha gia!" Dereva akakanyaga breki kwa nguvu. Gia ikalia, basi likatikisika, kisha mwendo ukapungua. Alisimama mahali penye nafasi. Utingo akaruka chini, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu na jingine mbele yake. Kisha akakata matawi, akayatandaza barabarani nyuma yetu. Kila dereva anajua maana yake: mbele kuna gari limesimama.

Tulipokuwa tukingoja breki zipoe, fundi alitueleza. Breki huzuia gurudumu kwa kusuguana. Vitu vikisuguana hupata moto, kama viganja vya mikono. Breki zikipata moto sana hazishiki tena, hata ukikanyaga kwa miguu miwili. Kwa hiyo mlimani dereva hutia gia ya nguvu, ili injini yenyewe ilizuie gari. Madereva wa zamani walisema: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia.

Fundi aliijua njia hii. Mwezi Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao. Zambia ikapata shida ya kupitisha bidhaa zake kusini. Malori yakaanza kupita huku, yakipeleka mafuta Zambia na kurudi na shaba. Wakati ule ilikuwa njia ya vumbi na matope. Madereva wengi walipoteza maisha. Lami ilikuja baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Tuliposhuka salama tulifika Ruaha Mbuyuni, penye mibuyu na vitunguu. Baadaye tukaingia Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara inapita katikati ya wanyama kwa kilomita 50 hivi. Nyani mmoja dume alikaa kando ya lami, akitutazama kama askari wa usalama barabarani. Dereva akapunguza mwendo mara moja. Bibi akasema, "Huyu anamheshimu nyani kuliko mimi." Hata dereva alicheka.

Ndugu msomaji, leo mabasi ni mazuri, tena yana mikanda. Lakini mlima ni ule ule, na moto wa breki ni ule ule. Usukani ni wa dereva, lakini roho ni yako. Ukiona anakwenda vibaya, mwambie kwa adabu, na mwambie mapema. Usingoje bibi mwenye jogoo akusemee. Huenda safari hiyo hayumo.