Dhahabu ya Wangila

Katika mieleka tuliyocheza machungani huku Usukumani, mgongo ukigusa ardhi mchezo umekwisha. Unajikung'uta vumbi na kuwafuata ng'ombe. Ndondi ni jambo jingine. Humo mtu aweza kushindwa angali wima, na wa mwisho kuamini habari hiyo huwa yeye mwenyewe.

Nikiwaza hayo humkumbuka Robert Wangila wa Kenya. Alizaliwa Nairobi mwaka 1967, na mwaka 1988 alikwenda Seoul, kwenye Michezo ya Olimpiki, kupigana katika uzito wa kilo 67. Wakenya walirudi na medali 5 za dhahabu. Nne zilikuwa za wakimbiaji, kama dunia ilivyozoea. Ya tano ilikuwa yake: alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali. Hadi leo hakuna Mkenya mwingine aliyepata dhahabu ya Olimpiki kwa ngumi.

Kisha akaingia katika ndondi za kulipwa huko Marekani. Mimi simlaumu. Medali haiezeki nyumba, na kijana mwenye kipaji atakipeleka palipo na soko.

Tarehe 22 Julai 1994, mjini Las Vegas, alipambana na David Gonzalez. Katika raundi ya tisa mwamuzi, Joe Cortez, alisimamisha pambano. Wangila akalalamika, alitaka kuendelea. Baadaye, akiwa katika chumba cha kubadilishia nguo, alipoteza fahamu. Hakuamka tena. Alifariki akiwa na umri wa miaka 26.

Madaktari hueleza kwamba damu ikivujia ndani ya fuvu, mtu anaweza kusimama na kuzungumza kwa muda kabla ya kuzimia. Kwa hiyo siwezi kuyaita malalamiko yake ukaidi. Huenda mwili wake wenyewe ulikuwa ukimwambia kwamba ni mzima.

Baadhi ya vijana niliowafundisha Shinyanga walikwenda Geita kuchimba. Mmoja wao alinieleza kwamba siku iliyo ngumu kumtoa mtu duarani si ile ya kukosa, bali ile ambayo mwamba umeanza kuonyesha dhahabu. Msimamizi anaona matimba yamepinda, anapiga kelele watu watoke. Walioko chini wanajibu, bado kidogo. Nikamwuliza yeye hujibu nini. Akacheka.

"Mwalimu, na mimi nina watoto."

Sikujua kama maana yake ni kwamba hutoka au hubaki, wala sikumwuliza zaidi.

Watu humtaja Wangila kwa ajili ya Seoul, na wana haki. Mimi humfikiria pia yule mwamuzi wa Las Vegas. Alisimamisha pambano, akalalamikiwa na yule yule aliyekuwa akimkinga, na hata hivyo haikutosha.