Jumba Lisilobisha Hodi

Ndugu wasomaji, safari ninayowasimulia juma hili si ndefu. Nilitoka Mji wa Kale wa Mombasa asubuhi, nikavuka daraja kwenda Nyali pamoja na ahali zangu, na Alasiri ikanikuta Tudor, uani kwa shangazi yangu. Safari za mbali nimezifanya, lakini ni chache zilizonirejesha nyumbani na fikra nyingi kama hii.

Tulianzia Kibokoni. Anayepita katika vichochoro vile huona baraza za mawe zilizojengwa mbele ya milango, na juu yake roshani za mbao. Mgeni wa kiume hukaribishwa barazani au sebuleni. Nyuma ya hapo ni himaya ya wenye nyumba. Wazee wetu walijenga nyumba zikisongamana, ukuta kwa ukuta, na hata hivyo kila nyumba ikawa na sitara yake, kwa kuwa aliyefungua dirisha alitazama kwanza linaelekea wapi. Walikuwa wameielewa aya ya 27 ya Surat An-Nur, ambamo Mola wetu anatukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe idhini na tuwatolee salamu wenyewe. Tena walifahamu kwamba jicho nalo huingia nyumba, na jicho halina viatu vya kuvua mlangoni.

Tukalivuka daraja la Nyali. Hili la sasa lilifunguliwa mwaka 1980, likachukua nafasi ya daraja la kuelea la mwaka 1931, ambalo wazee wetu wangali wakilikumbuka. Zamani ng'ambo ile ilikuwa shamba la mkonge, kisha ikawa mtaa wa nyumba kubwa zenye bustani na kimya kingi. Pembeni yake ni Freretown, walikokalishwa watumwa waliokombolewa katika miaka ya 1870, na kengele yao ndiyo iliyopapa mahali pale jina la Kengeleni. Kengele hiyo ilipigwa kuwatahadharisha watu hatari inapowajia. Leo ingalipo, kando ya njia iliyojaa magari na matuktuk, na wengi hupita bila kuitupia jicho.

Tuliingia katika mojawapo ya majumba makubwa ya maduka yaliyoko huko, na ni haki niseme mazuri yake. Mlikuwa na ubaridi na usafi. Ahali yangu alinunua unga, sabuni na viatu vya mtoto mahali pamoja, bila kusukumwa na mikokoteni wala kutupiwa maneno na vijana wa njiani. Nilimwona msichana aliyewahi kusoma madrasani kwetu akifanya kazi ya halali kwenye kaunta, amejisitiri vizuri, naye akaniamkia kwa adabu. Mimi si katika wanaodai kwamba kila jengo jipya ni balaa. Biashara ni sunna, na mji usiojengwa huporomoka.

Lakini jumba la maduka haliji peke yake. Nyumba iliyo karibu nalo hupanda bei, mwenyewe akaona afadhali aigeuze iwe zahanati, mkahawa au ofisi. Jirani yake naye akafuata. Baada ya muda mfupi njia ya mtaani iliyokuwa ya watoto na baiskeli inakuwa maegesho ya magari, na mpangaji wa kipato kidogo anahamia mbali na msikiti wake na madrasa ya wanawe. Mwenye duka la rejareja, aliyekuwa akiwakopesha mama zetu nusu kilo ya sukari mpaka mwisho wa mwezi, anafunga mlango. Jumba kubwa halikopeshi, wala halijui ni nani mtaani aliyefiwa.

Alasiri nikafika Tudor. Shangazi yangu ni mtu mzima aliyezidi miaka 70, na nyumba yake ina ua wenye mwasumini na kisima. Katika ua huo wanawake wa mtaa wakikutana kila siku baada ya Alasiri. Huvua mabuibui, husukana nywele, husomeshana Yasin, na mwari hufundwa. Nilipombusu mkono na kuketi, niliona kamba imefungwa kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake zimetundikwa leso nne. Nikadhani zinaanikwa.

"Si za kukauka," akaniambia. "Ni za kunisitiri."

Nikatazama juu. Pahali palipokuwa na nyumba ya jirani pamesimama ghorofa saba za kupangisha, na madirisha yake ya upande ule yote yanatazama ndani ya ua. Mwanamume mmoja alikuwa ameegemea kizingiti akivuta sigara. Simlaumu, naye amelipa kodi yake. Wanawake hawaji tena. Mwasumini umekosa jua. Maji ya kisima, ambayo tangu utotoni mwangu yalikuwa ya kutumainiwa mifereji ikikauka, sasa yana chumvi na harufu. Mombasa ni kisiwa cha mawe ya matumbawe. Ukivuta maji mengi kwa mashine, bahari hujongea chini kwa chini, na pasipo na mabomba ya maji taka, shimo la choo la familia 30 halikai mbali na kisima cha familia moja.

Kisha akaniuliza swali ambalo sijaacha kulifikiri.

"Mwanangu, pale palisimamishwa kibao cha tangazo kabla ya kujengwa. Ulikuwa ukipita ukienda kusomesha, ukirudi kusomesha. Hukukisoma?"

"Nilikiona, shangazi."

"Sikukuuliza kama ulikiona."

Sikuwa na jibu. Mimi ninayewasomesha watu hadithi ya Jibril (a.s.), aliyemuusia Mtume (s.a.w.) kuhusu jirani mpaka akadhani jirani atarithishwa, nilikipita kibao kile nikakiona ni habari ya watu wengine. Wala aliyejenga si mgeni. Nyumba iliuzwa na warithi ambao ni ndugu zetu, na aliyeinunua husali safu moja nasi. Hakuna aliyekuja kumwambia bibi yule: tunauza, au tunajenga, una neno? Katika madhehebu yetu ya Shafii, haki ya shuf'a ni ya mshirika katika mali, si ya jirani. Lakini adabu ya kumwarifu jirani, ni fakihi gani atakayeikataza? Na kanuni ya kwamba hapana kujidhuru wala kudhuruana inamhusu mwenye ghorofa kama inavyomhusu mwenye kibanda.

Basi ndugu zangu, hasa mama zetu ambao ndio wenye nyumba mchana kutwa, kile kibao ndicho kengele yetu. Sheria za nchi zinataka mradi mkubwa utangazwe ili wakaazi watoe maoni yao kwa serikali ya kaunti na kwa NEMA. Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Asiyeridhika na leseni ya mazingira anaweza kukata rufaa katika jopo la mazingira, ila muda wake ni siku 60, nazo hupita upesi. Kisomeni kibao, kipigeni picha, mwiteni mtoto anayejua Kiingereza awafasirie, kisha andikeni barua mkiwa wengi. Nanyi warithi mnaotaka kuuza, na matajiri mnaojenga, anzeni kwa kubisha hodi. Dirisha linaweza kuhamishwa lingali mchoro. Likishakuwa ukuta, ni leso ndizo zitakazohama.

Tumekubaliana na mwenye jumba akae nasi baada ya Ijumaa. Nitakuwa na barua mkononi, na shangazi ameniagiza nianze kwa kumsomea aya ya 27. Mwenyezi Mungu atusitiri sote, na atujaalie kuwa majirani wema. Amin.