Alama Tisa za Mto

Katika sekondari moja ya pwani ya Mtwara, upande wa kuelekea mlangoni mwa Ruvuma, mwalimu wa Kiswahili alikuwa na insha 62 za Kidato cha Pili pamoja na mwongozo wa kusahihishia wenye alama 20: muundo 4, hoja 8, lugha 5, mtiririko 3. Mada ilikuwa manufaa ya mito. Hoja zilitakiwa nne, kila moja alama mbili.

Binti mmoja wa kijiji cha mpakani hakutaja umwagiliaji wala umeme. Alisimulia namna Ruvuma ilivyohama ikalimega shamba la mpunga la bibi yake, na tope lake likatua ng'ambo, Msumbiji, wengine wakapata pa kulima. Akahitimisha kwamba manufaa ya mto hutegemea mtu amesimama ukingo upi. Kwa mwongozo, hiyo ni hoja moja tu. Isitoshe, kila penye "mto" aliandika "nto", kama litamkwavyo kwao, mara tisa. Je, ni makosa tisa, au kosa moja lililorudiwa? Mwongozo ulikuwa kimya. Akapata 9.

Insha iliyofuata ilikuwa na hoja nne safi, zimepangwa kama askari gwarideni. Ikapata 17.

Usiku ule usingizi ulimpaa mwalimu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka mwanafunzi asipimwe kwa mtihani wa mwisho peke yake. Basi alama ya darasani si ya kuchezea. Moyo ulimvuta amwongezee binti yule. Lakini mwongozo huwekwa hasa ili kumlinda mwanafunzi dhidi ya moyo wa mwalimu: anayependelea leo kwa ajili ya simulizi tamu, kesho atapendelea kwa ajili ya ukoo au sura.

Asubuhi alimpa mwenzake insha ile bila kumtajia alama. Mwenzake akatoa 14. Karatasi moja, mwongozo mmoja, tofauti ya alama tano! Katika mitihani ya taifa wasahihishaji hukutanishwa, wakaupitia mwongozo pamoja kabla ya kuanza kazi. Shuleni mwalimu aghalabu hubaki peke yake na taa yake.

Wakaketi wawili hao chini ya mkorosho, wakauandika mwongozo upya. Hoja moja iliyofafanuliwa kwa sababu na matokeo yaweza kupata hadi alama sita. Iliyotajwa tu, moja. Kosa lililorudiwa hukatwa mara moja. Ikabidi insha zote 62 zisahihishwe tena, kwani kanuni iliyobadilishwa kwa ajili ya mmoja ni upendeleo uliovikwa kanzu. Kazi ikala jioni tatu.

Binti akapata 15. Mwenye 17 akashuka hadi 13. Huyo alikuja ofisini, akaamkia, akafungua daftari penye hoja zile nne, zilizonakiliwa ubaoni neno kwa neno.

"Mwalimu, nimeandika ulivyotufundisha."

Mwalimu aliutazama ukurasa ule kwa muda mrefu, kisha akaomba aachiwe daftari hadi kesho.